Kigoda Kinachosukumwa kwa Mguu

Fundi akiwa kazini huongea kidogo, maana kinywa chake huwa kimejaa misumari. Ni ile midogo myeusi ya kupigilia kitambaa kwenye mbao za kochi. Huitia mdomoni kiganja kizima, kama mtu anayebwia karanga, kisha ulimi unaigeuza na kuitoa mmoja mmoja hadi midomoni, kichwa cha msumari kikitangulia. Nyundo yake yenye sumaku inaudaka, ta, na kabla hujapepesa macho msumari umeshazama kwenye mbao. Wateja wapya humtazama roho mkononi, wanangoja ameze. Hajameza hata mmoja tangu aanze kazi hii akiwa msichana.

"Kochi la nani hili?" huuliza, sauti ikipenya katikati ya misumari.

"La mwalimu wa hesabu," wifi yake anamjibu kutoka kwenye meza ya kukatia kitambaa.

"Ahaa. Amelikalia kweli kweli."

Ta, ta, ta. Chai haijapoa, Fundi anainua kichwa tena.

"Kochi la nani hili?"

"La mwalimu wa hesabu, wifi yangu."

"Ahaa. Amelikalia kweli kweli."

Wifi huyo ameolewa na mdogo wake Fundi wa kiume, dereva wa magari ya masafa marefu, ambaye nyumbani hufika kama mgeni. Mtaa mzima unamwita Kasuku, na akisikia anaitwa hivyo anacheka yeye kwanza, kwa sababu ni kweli, mdomo wake haujui kupumzika. Alipofika kwa wakwe zake hajui hata kushika mkasi, Fundi ndiye aliyemkalisha mezani akamwambia, "Wewe si unapenda kusema? Sema, lakini mkono ukate." Tangu hapo wamefanya kazi pamoja, mmoja anakata na mwingine anavuta, ndani ya chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Sakafuni kuna vumbi la sponji. Ukutani zimetundikwa fremu tupu za viti, kama mbavu.

Fundi hakuanza hivi. Baba yake alikuwa anashona maturubai, na watu wakizungumzia ustadi wa binti yake walikuwa wakisema, damu hiyo, maji hufuata mkondo. Kasuku anapenda kuwakatisha: "Damu? Na huyo kaka yake mkubwa je? Baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja, na kifungo cha shati lake anashonewa na jirani. Ni damu gani hiyo inayomruka mtoto mmoja kama mbuzi anavyoruka mtaro?" Wanaosema damu wanacheka, lakini hawabadilishi neno.

Aliyemfundisha Fundi alikuwa mzee mmoja mkali wa karakana ya makochi. Alimpa kiti kibovu na kisu kidogo, akamwambia: "Kifumue chote. Kisha ukirudishe kama kilivyokuwa, na usiniulize swali hata moja." Msichana akafumua kitambaa, pamba, sponji, springi, mikanda, hadi akabaki na mbao. Akavipanga vyote sakafuni kwa mpangilio vilivyotoka. Alipokirudisha, kiti kilisimama vizuri, lakini hakikaliki. Kila kitu kilikuwepo ila raha ya kukaa. Mzee akampiga rula kwenye vidole, akamwambia afumue tena. Ndivyo alivyojifunza, kwa kufumua na kurudisha, mpaka siku mzee alipoketi, akafumba macho na akasahau kuinuka.

Miaka ikaenda, akafungua chumba chake mwenyewe. Halafu ikaja homa.

Homa ile ilimpanda kichwani. Alilala hospitali hajitambui, na Kasuku akakaa ukingoni mwa kitanda akimsemesha mtu asiyejibu. Alipoamka aliwajua wote. Alimuuliza Kasuku kama kitambaa cha kijani kimeletwa. Wakashukuru, wakalia, wakaandaa kumrudisha nyumbani. Jioni ileile akauliza tena kama kitambaa cha kijani kimeletwa. Na kesho yake. Na keshokutwa. Ya zamani yote yalikuwepo: utoto, mzee wa rula, harusi ya Kasuku mpaka nani alikanyaga gauni. Lakini jipya lolote halikushika. Lilimwagika juu yake kama maji juu ya kitambaa cha plastiki, likateleza, likaisha.

Mikono, hata hivyo, ilirudi kazini siku ya kwanza. Haikuuliza mtu.

Kasuku alizoea. Tena kuna siku alifaidi. Maishani mwake ana mzaha mmoja tu mzuri, wa bwana harusi aliyenasa kwenye kiti cha kukodi hadi akaondoka nacho, na sasa alikuwa amepata wifi wa kumsimulia mzaha huo kila siku, naye akacheka palepale, machozi yakimtoka. Siku akichoka na maswali, Kasuku alimjibu vibaya. "Kochi la shetani hilo, niache!" Fundi akasononeka, akainama. Muda kidogo akauliza upya kwa uso mkunjufu, na Kasuku akajisemea moyoni: si neno, ameshasahau.

Neno hilo liliingia nyumba nzima. Atasahau. Watoto wakigombana mbele yake, atasahau. Jirani akimwita mgonjwa naye anasikia, atasahau tu. Hawakuwa watu wabaya. Walidhani wamepata chombo ambacho ukikitia uchafu kinajisafisha chenyewe.

Kaka Mkubwa ndiye aliyelisema kwa sauti kuliko wote. Huyu anauza mbao, ana mwili wa kuzibeba na sauti ya kuziuza. Alimlea Fundi. Baba yao alipokuwa kwenye maturubai, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kisimani na kurudi. Siku moja alikuja karakana kumchukua ampeleke hospitali.

"Twende," alisema.

"Wapi, kaka?"

"Hospitali."

"Nani mgonjwa?"

Akamweleza. Fundi akaitema misumari kwenye kopo, akavua aproni, akafika mlangoni, akasimama. "Tunakwenda wapi, kaka?" Akamweleza tena. Akarudi kuchukua viatu, akaliona kochi, akatia misumari mdomoni. Ikawa hivyo mara tatu, gari linanguruma nje na dereva anapiga honi. Mara ya nne Kaka Mkubwa alimshika mkono juu ya kiwiko akamvuta kwa nguvu, kopo likapinduka, misumari ikatapakaa sakafu nzima.

"Wewe umebaki kichwa kitupu!" alifoka. "Si mtu tena! Gunia!"

Fundi alilia kama mtoto, bila kuficha uso. Kasuku alisimama na mkasi mkononi. Kaka Mkubwa aliuachia ule mkono. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Akafuta jasho, akatazama pembeni.

"Basi," alisema. "Atasahau tu."

Na kweli, kabla ya kumaliza kuokota misumari, Fundi aliuliza: "Jamani, nani amemwaga?"

Baada ya siku hiyo Kaka Mkubwa alitoa uamuzi. Kazi za watu zilizobaki zikiisha, karakana ifungwe. Fundi akae kwake, chumba cha nyuma, apumzike. "Karakana ina visu, ina gundi, ina barabara mlangoni. Mtu asiyejua jana atajuaje hatari ya leo? Sisemi kwa ubaya, shemeji. Mtu ni kumbukumbu zake. Dada yangu alikwisha kwenye ile homa. Tulichobakiwa nacho tukitunze."

"Alikwisha?" Kasuku alisema. "Na huyu anayevuta kitambaa ni nani, mzimu?"

"Hiyo ni mikono tu. Hata kuku aliyechinjwa hukimbia."

Usiku Kasuku hakulala. Alimwona wifi yake kwenye kile chumba cha nyuma, mikono imelala mapajani, haina mbao wala kitambaa, anauliza swali lake na hakuna kochi la kuulizia.

Katika siku hizo ndipo hospitali ilipomtuma mwanasaikolojia. Kasuku alidhani ni mteja, akamwonyesha vitambaa. Alikuwa dada kijana wa miwani mikubwa, mpole wa sauti, na mwenye tabia moja iliyomshangaza Kasuku. Kila alipofika, alianza upya kwa Fundi: mimi ni fulani, kazi yangu ni hii, ningependa kukaa nawe na kukufundisha kitu kidogo, unaniruhusu?

"Jana si alikubali?" Kasuku alimwambia. "Na juzi. Mbona unajichosha?"

"Aliyekubali jana hayupo leo, mama. Yaani yupo, lakini hakumbuki kama alikubali. Siwezi kutumia ruhusa ambayo mwenyewe hajui kama aliitoa."

"Ungefanya tu. Angesahau."

Dada wa miwani alimtazama. Hakumkemea. "Hilo ndilo neno linalonitisha," alisema.

Kitu alichomfundisha Fundi kilikuwa fundo la uzi wa nailoni la kufungia vifungo vya kochi. Alilichagua kwa sababu Fundi hakuwa analijua; yeye alifunga kwa namna ya mzee wa rula. Fundo hilo jipya lina mizunguko inayorudi nyuma, na Kasuku mwenyewe lilimshinda, akautupa uzi kwa matusi. Siku ya kwanza Fundi alilivuruga, akacheka. Kesho yake alisema, "Hili sijawahi kuliona, nionyeshe taratibu," akalivuruga kidogo. Siku zikaenda. Kila siku alisema hajawahi kuliona, kwa uso wa mtu mkweli, na kila siku vidole vilikwenda mbele zaidi ya jana. Hadi ikafika asubuhi moja dada wa miwani alimpa uzi, Fundi akasema, "Kufunga namna gani? Mimi silijui," na huku anasema vidole vikazunguka, vikarudi nyuma, vikakaza. Fundo likakaa pale, safi, kama limefungwa na mtu mwingine.

Fundi alilitazama. "Ala!" alisema. "Nimefanyaje?"

Kasuku aliinuka kwenye meza yake. Alisogea akaligusa fundo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kitu cha moto. Nani alikuwa amejifunza? Mwenyewe alisema hajui. Kumbe ndani ya mtu mmoja kuna mwingine, kimya, anayesoma darasa lake bila kumwambia mwenye nyumba.

Na lilikuwepo jambo jingine. Katikati ya karakana kuna kigoda kimoja cha kuvuta vifungo. Fundi hukikalia mwenyewe, lakini mtu anayempenda akiingia, hukisukuma kwa mguu mpaka kwa mgeni, bila kutazama, mikono ikiendelea na kazi. Ni tabia yake ya siku zote. Sasa dada wa miwani akiingia, Fundi husema, "Karibu, binti, sijui tumeonana wapi," na mguu tayari umeshasukuma kigoda.

Kasuku akapata mpango. "Kaka Mkubwa akija kumchukua, tutamwonyesha fundo. Aone kwamba anajifunza. Wewe na vyeti vyako umwambie mtu ni nini, anyamaze."

"Nikimwambia mtu ni nini nitakuwa muongo," dada wa miwani alisema. Walikuwa wanakunywa chai juu ya rundo la sponji. "Sisi wenyewe tunagombana, mama. Wapo wanaosema umfumue mtu, ubongo, mishipa, damu, kipande kwa kipande, utamjua. Wengine wanasema ukimfumua umempoteza. Wapo wanaosema tupime watu elfu, mmoja si ushahidi. Wapo wanaokaa na mmoja miaka yao yote. Hata swali la kama tunachagua tunayoyafanya au tunasukumwa tu, hatujakubaliana."

"Sasa mnalipwa kwa kugombana?"

"Karibu hivyo."

Fundi alikuwa anasikia. Akaitema misumari kiganjani. "Kochi ukilifumua," alisema, "unapata mbao, unapata springi, unapata sponji. Raha ya kukaa inakuwa kwenye kipande kipi? Mzee wangu alinichapa sana kwa hilo." Akaitia misumari mdomoni. "Kochi la nani hili?"

Siku ikafika. Kaka Mkubwa alikuja mchana na gari la mbao, amevaa shati la heshima, maana hakuja kwa ugomvi. Kasuku alikuwa amefagia, ameweka uzi mezani, dada wa miwani yuko pembeni. Fundi alikuwa ameinamia kochi. Akainua kichwa.

"Kaka!" Sauti yake ilikuwa ya furaha kweli. "Siku nyingi!"

Lakini miguu yake ilikuwa inakwenda nyuma. Alizunguka kochi, akasimama upande wa pili, mbao ikiwa katikati yao. Mkono wa kushoto ukapanda taratibu ukashika ule wa kulia, juu ya kiwiko.

Kasuku hakuliona hilo. Alikuwa na haraka na fundo lake. "Haya, Mtaalamu, muombe."

Dada wa miwani aliomba kama siku zote: mimi ni fulani, ningependa tufunge fundo, unaniruhusu?

Fundi alimtazama, akamtazama kaka yake. "Leo sitaki," alisema.

"Wifi!" Kasuku alishika kichwa. "Siku zote unataka! Siku moja tu ya maana..."

"Amesema hataki, mama," dada wa miwani alisema, akaurudisha uzi mezani.

Kaka Mkubwa alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mnaona. Hajui anachotaka. Njoo, dada yangu." Akanyoosha mkono wake mpana, kwa upole.

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa fremu zilizotundikwa. Mbao zikagongana. Alikuwa anatabasamu.

"Nisamehe, kaka. Sijui nina nini."

"Unaniogopa?"

"Wewe? Nikuogope wewe uliyenibeba mgongoni?" Alicheka, lakini mkono haukuachia kiwiko. "Ulikuwa unaniimbia njia nzima ili nisilale nikaanguka. Hujanikosea kitu. Ni miguu tu. Miguu haitaki."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, gurudumu lake linalia. Kaka Mkubwa alitazama ule mkono ulioshika kiwiko, palepale, si juu yake wala chini yake, na wote wakaona uso wake unavyobadilika. Kasuku naye akaona sasa, akakumbuka kopo lililopinduka, na nyuma ya kopo yakaja maneno yake mwenyewe, ya shetani na ya niache, moja moja, kama yanaingia kwa mlango.

"Kumbe," Kaka Mkubwa alisema. Sauti yake ya kuuzia mbao haikuwepo. Akamgeukia dada wa miwani. "Anakumbuka?"

"Hapana."

"Basi amesahau."

"Hapana pia."

"Ni lipi kati ya hayo, mwanangu?"

"Ningelijua ningelala usingizi," alijibu. "Ninachoweza kukwambia ni kwamba kuna sehemu ya mtu inayopokea hata kama mwenyewe hajui. Mlichokuwa mnamtia kilikuwa kinaingia. Chote."

Kaka Mkubwa alitafuta mahali pa kukaa. Kigoda kilikuwa karibu na mguu wa Fundi, na mguu haukukisogeza. Basi akakaa kwenye kizingiti cha mlango, mtu mzima na shati lake la heshima, magoti yakimfika kifuani. Akakaa hapo muda mrefu akimtazama dada yake, jinsi mtu anavyotazama usiku wa nyota nyingi, amezoea kupita chini yake bila kuinua kichwa.

"Nilisema alikwisha," alimwambia Kasuku. "Nilisema kuku."

"Ulisema, shemeji."

"Na yeye alikuwa ndani humo, ananisikia."

Kasuku alitaka kusema neno la kumtuliza, na mengi anayo, lakini yote aliyoyapata yalikuwa ni lile moja, atasahau, lililovaa nguo tofauti. Akarudi mezani, akashika mkasi.

Habari ya chumba cha nyuma haikutajwa tena. Gari la mbao liliondoka bila Fundi. Kabla ya kuondoka Kaka Mkubwa aliuliza kitu kama hicho kinatolewaje kwa mtu, na dada wa miwani akasema hajui, labda kinatoka kama kilivyoingia, kidogo kidogo, bila mwenyewe kujua.

Tangu hapo Kaka Mkubwa hufika karakana akimaliza kufungua duka lake. Hukaa kizingitini. Hamgusi. Huuliza, "Naweza kuingia?" na siku Fundi akisema ngoja, anangoja. Mara nyingine anaimba chinichini ule wimbo wa kisimani, vibaya, na Kasuku anamwambia kweli, shemeji, wewe kushona huwezi na kuimba huwezi, baba yenu alikupa nini? Anajibu: "Alinipa mgongo." Baadaye alianza kushika ncha ya mkanda Fundi anapouvuta, yeye mwisho huu, Fundi mwisho ule, mkanda umenyooka katikati yao kama neno ambalo bado halijasemwa. Na kila asubuhi Fundi anamwambia, "Kaka! Siku nyingi!" Naye anajibu kwa ukweli wote, "Siku nyingi, dada yangu."

Kasuku naye ameacha lile neno, na nyumba imeliacha. Swali la kochi analijibu sawasawa, mara zote. Mzaha wa bwana harusi ameubakiza, kwa sababu, anasema, kama vinaingia vyote, basi na kicheko kiingie.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya kuingia ndani, na kizingiti kilikuwa kimelowa. Kaka Mkubwa alisimama mlangoni maji yakimchuruzika, akauliza kama anaweza kuingia. Fundi alikuwa anavuta kifungo cha kati, kile kigumu, misumari mdomoni, macho kwenye sindano. Hakuinua kichwa. Vidole vyake vilizunguka uzi, vikarudi nyuma, vikakaza.

Mguu wake ukanyooka. Kigoda kikakwaruza sakafu, taratibu, kikapita juu ya vumbi la sponji, kikaenda kusimama mbele ya viatu vilivyolowa vya kaka yake.

Kasuku aliacha mkasi ukiwa wazi katikati ya kitambaa. Kaka Mkubwa hakuthubutu kukaa. Alikitazama kigoda kama kwamba kimetembea chenyewe.

"Kaa basi," Fundi alisema katikati ya misumari. "Kigoda hakiumi."

Akakaa, kwa uangalifu, kama mtu anayeketi juu ya yai.

"Kochi la nani hili?" Fundi aliuliza.

Kaka Mkubwa alilitazama kochi.

"La bwana mmoja wa duka la dawa," alisema. "Ana watoto watano, wote wanaruka."

"Ahaa," Fundi alisema. "Wamelikalia kweli kweli."